Kitabu Hakina Fundi Mmoja

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa jumuiya baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila mwenye kufuata uongofu wake mpaka siku ya malipo.

 Ndugu msomaji ambaye hukuwepo siku hiyo, maneno haya ni yako pia.

Mwezi huu kila mtu ana msahafu mkononi. Wengine tunakimbilia kukhitimu mara moja, wengine mara mbili, mwenye hima zaidi mara tatu. Alhamdulillah. Tunajadiliana juzuu, tajwidi, nani anaswalisha tarawehe kwa sauti nzuri. Lakini hebu leo, kwa dakika chache tu, ufunge huo msahafu ulionao, uuweke mbele yako, kisha ujiulize: kitu hiki kilichobeba maneno ya Mola wangu, nani alikifanya? Ngozi ya nani, karatasi ya nani, wino wa nani, uzi wa nani?

Nina sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe inaniaibisha kidogo.

Msahafu uliokatika mgongo

Ramadhani moja nilirudi nyumbani likizo kutoka chuo kikuu. Nikaenda kumsalimu maalim wangu pale madrasa niliposomea tangu nikiwa sijui alifu wala be. Kuna msahafu mkubwa pale ambao husomewa darsa. Nikaukuta umekatika mgongo, kurasa za Suratul Baqara zinachungulia nje. Maalim akaufunga kwa kitambaa cheupe, akanikabidhi. Akasema, "Mpelekee mtoto wa ammi yako akatushonee."

Nikanyamaza. Mtoto wa ammi yangu ni fundi wa viatu. Sisi ni umri mmoja. Tulisoma pamoja chuoni, na wallahi yeye ndiye aliyekuwa akinikosoa mimi. Alipofika kidato cha tatu karo ilishinda, akaacha shule, akaenda kukaa na mzee mmoja mshona viatu kando ya barabara mpaka akarithi kile kibanda. Sasa, wiki chache kabla ya siku ile nilikuwa nimepita pale na wenzangu wawili wa chuo kikuu. Akaniita kwa jina. Mimi nikaweka simu sikioni, nikajifanya naongea na mtu.

Nikamwambia maalim, "Maalim, kweli msahafu tumpe mshona viatu?" Maalim akanitazama, akacheka. Akasema, "Wewe unasoma chuo kikuu, lakini hujui kitabu kimetoka wapi." Basi.

Neno lile lilinikaa. Niliporudi masomoni nikaanza kutafuta katika maktaba: kitabu kimetoka wapi? Niliyoyapata ndiyo haya ninayokuleteeni.

Makuti, mifupa na ngozi

Tuanze Madina. Tumefundishwa sote kwamba wakati wa Mtume (S.A.W.) Qur'ani ilihifadhiwa vifuani mwa watu, na pia iliandikwa juu ya vitu vilivyopatikana: makuti ya mtende, mawe mapana, mifupa ya mabega ya ngamia, vipande vya ngozi. Baada ya vita vya Yamama, ambapo mahafidhi wengi waliuawa, Sayyidna Abubakar (R.A.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) akusanye. Kisha zama za Sayyidna Uthman (R.A.), yapata mwaka 650 Miladia, zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji mikubwa.

Sasa hebu tazama: mkwezi wa mtende, mchungaji wa ngamia na mchinjaji wote wamo katika kisa hiki. Kabla hajafika mwandishi, wao walikwisha fika.

Vitabu vya mwanzo viliandikwa juu ya ngozi iliyotayarishwa kwa kuandikia. Kiarabu inaitwa raqq, na neno hilo limo katika Suratut Tur. Si ngozi ya kiatu ile. Ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama iliondolewa manyoya, ikawambwa kwenye fremu kama ngoma, ikakwanguliwa kwa kisu mpaka ikawa nyembamba. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyetunga orodha yake mashuhuri ya vitabu mwaka 987, anaeleza kuwa zamani ngozi zilitiwa dawa ya chokaa zikawa kavu sana, mpaka watu wa Kufa walipoanza kutumia tende, zikawa laini. Tende, ndugu zangu! Hii hii tunayofuturia ilikuwa dawa ya kutengenezea kitabu.

Msahafu mkubwa mmoja ulihitaji ngozi za wanyama wengi sana, kwa hivyo hakuna kitabu bila mfugaji. Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kuna kurasa mbili za Qur'ani zilizoandikwa juu ya ngozi ya namna hii. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa ngozi yake ilipimwa na kuonekana ni ya baina ya mwaka 568 na 645. Yaani mnyama yule aliishi zama za Mtume (S.A.W.) au karibu nazo mno. Jina la mwandishi halikubakia, la mfugaji wala la mkwangua ngozi. Kazi yao imebakia.

Kuna msahafu mwingine unaojulikana kwa rangi yake: ngozi imetiwa buluu ya nili, na herufi zikaandikwa kwa dhahabu. Kurasa zake nyingine ziko Tunisia mpaka leo. Ile nili ni ya watia rangi wa nguo. Ile dhahabu ni ya masonara. Mafundi wa soko zima wamekutana katika ukurasa mmoja.

Wino na ngozi ni ndugu

Hapa nilishangaa kweli. Kulikuwa na wino wa namna mbili kubwa. Wa kwanza ni wa masizi. Masizi ya taa yanachanganywa na maji na gundi ya mgunga. Gundi hiyo mpaka leo inakusanywa na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kule Wajir, Isiolo na Turkana. Wazee wetu waliosoma kwa ubao wanaujua wino wa masizi kuliko mimi.

Wa pili ulitengenezwa kwa vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni mdudu anapotaga mayai ndani yake. Vinundu vile vina ukakasi mkali, ule unaokausha ulimi kama ukitafuna ndizi mbichi. Ukivisaga, ukavitia maji, kisha ukaongeza chumvi ya madini ya chuma, maji yanageuka meusi ti. Ukiandika nao, unauma ndani ya ngozi na haufutiki kirahisi.

Na ule ukakasi ndio huo huo unaotumika kuidibaghi ngozi isioze. Wale waliosoma fiqhi wanakumbuka mlango wa twahara: ngozi ya mnyama hutwahirika kwa kudibaghiwa, na wanazuoni wanataja vitu vikali kama maganda ya komamanga na majani ya miti. Tulilisoma somo lile tukidhani ni la udhu tu. Kumbe mdibaghi wa ngozi na mpika wino wanakwenda soko moja, wananunua vitu vya jamii moja, na wote mikono yao ni myeusi. Ukimcheka mmoja umewacheka wawili.

Karatasi: nguo iliyochakaa

Neno karatasi tumelipokea kutoka Kiarabu, qirtas, nalo limo katika Suratul An'aam. Zamani lilikuwa jina la ile karatasi ya mafunjo ya Misri. Karatasi tunayoijua leo asili yake ni China. Wachina wenyewe wanamtaja Cai Lun, mtumishi wa ikulu, mwaka 105, kuwa ndiye aliyeitengeneza vizuri kwa magamba ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Nyavu za wavuvi, ndugu yangu wa pwani!

Kuna kisa mashuhuri kwamba Waislamu walijifunza karatasi kwa mateka wa Kichina baada ya vita vya Talas mwaka 751. Wanahistoria wa leo wanakitilia shaka, kwani karatasi ilikwisha julikana Asia ya Kati kabla ya vita hivyo. La hakika ni kwamba Samarkand ikawa mashuhuri kwa karatasi zake, na kabla ya karne ya nane kwisha kazi hiyo ikafika Baghdad. Pale pakawa na soko zima la mawarraqi: wauza karatasi, wanakili na wauza vitabu. Al-Yaqubi, aliyeandika katika karne ya tisa, anataja maduka yao zaidi ya mia moja.

Lakini karatasi ile ilitoka wapi? Mjini kwao kulikuwa hakuna msitu. Ilitoka kwenye matambara. Nguo za kitani zilizochakaa na kamba kuukuu ziliokotwa, zikapangwa, zikaozeshwa, zikapondwa kwenye vinu. Penye mto, nyundo za kupondea ziliendeshwa kwa maji, jamaa moja na vinu vya nafaka. Ule uji ukatiwa ndani ya pipa, fundi akachota kwa kiunzi chenye wavu mwembamba, maji yakachuruzika, ukabaki utando. Utando ule ukikauka ndiyo karatasi. Kisha ikapakwa wanga wa ngano au mchele, kama tunavyotia kanzu za Idi, ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ikang'aa ili kalamu isikwame.

Kwa hivyo mkulima alilima kitani, mfumaji akafuma, mtu akavaa mpaka ikararuka, muokota matambara akaokota, ndipo mwanachuoni akapata pa kuandika. Elimu yote ile ya Baghdad tunayojivunia kwenye mihadhara ilikaa juu ya nguo kuukuu za watu maskini. Leo tukimwona mtu anaokota chupa na makaratasi jaani tunaziba pua. Haya.

Kutoka Baghdad karatasi ikafika Sham, Misri, Maghrib na Andalusia. Al-Idrisi mwaka 1154 anausifu mji wa Shatiba, Hispania ya leo, kwa karatasi yake isiyokuwa na mfano. Karne iliyofuata mafundi wa Fabriano, Italia, wakaishika kazi hiyo. Wao wakaacha wanga, wakatumia gundi iliyochemshwa kwa vipande vya ngozi na kwato. Umeona? Mdibaghi wa ngozi amerudi tena, kwa mlango mwingine.

Kalamu na jalada

Msidhani mafundi wa kitabu wote walikuwa watoto wa wakubwa. Ibn al-Bawwab, mmoja wa mabingwa wakubwa wa khati katika historia yetu, jina lake lenyewe maana yake ni mtoto wa bawabu. Inasimuliwa kuwa alianza kwa kupaka nyumba rangi na mapambo. Mkono uliozoea ukuta ukahamia kwenye karatasi. Msahafu alioukamilisha Baghdad mwaka 391 Hijria uko mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty, mjini Dublin.

Na dada zangu msione hii ni habari ya wanaume. Mwaka 410 Hijria, yaani 1020, mjini Qayrawan katika Tunisia ya leo, mama mmoja aitwaye Fatima, mlezi wa ikulu zama za mtawala Al-Mu'izz bin Badis, aliweka wakfu msahafu mkubwa. Fundi wake aliitwa Ali bin Ahmad al-Warraq. Yeye aliandika, akatia irabu, akapamba na akajalidi. Aliyesimamia kazi yote ni mwanamke, Durra, aliyejulikana kwa lakabu ya al-Katiba, yaani mwandishi. Na huyo Al-Mu'izz mwenyewe, kuna kitabu kinachonasibishwa naye kuhusu kalamu, wino, karatasi na kujalidi vitabu. Mtawala hakuona unyonge kujishughulisha na kazi za wenye mikono michafu.

Tumalizie na jalada. Neno hili nalo ni la Kiarabu, ndugu yake ni jild, ngozi. Kila unaposema "jalada la kitabu" unamtaja mdibaghi bila kujua. Fundi alishona kurasa kwa uzi wa hariri au kitani. Juu na chini ya mgongo akafuma utepe mdogo wa nyuzi za rangi mbili, kazi ile ile ya mfumaji. Kisha akavika ngozi, akaipiga chapa za nyota na maua kwa vyuma vya moto, kama watu wa matandiko ya farasi na watu wa viatu. Ubao wa ndani mwanzo ulikuwa wa seremala. Baadaye wakabandika karatasi kuukuu moja juu ya nyingine mpaka ikawa ngumu. Leo wataalamu wakifungua majalada ya zamani hukuta ndani barua na kurasa za vitabu vingine. Kitabu kimoja kimefichwa ndani ya kingine!

Siyu, na sisi wenyewe

Sasa usije ukasema haya ni ya Baghdad na Qayrawan. Njoo kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Katika karne ya 18 na ya 19 mji wa Siyu ulikuwa kituo cha kuandika misahafu kwa mkono. Iliyobakia inatambulika kwa mapambo yake ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Na Siyu hiyo hiyo ilijulikana kwa nini tena? Kwa mafundi wa ngozi, wafumaji, wahunzi wa panga na majambia, na mafundi wa mbao. Unadhani ni sadfa? Mji wenye mtu wa kutengeneza ngozi, mtu wa kunoa kisu na mtu wa kuchora nakshi, huo ndio mji unaoweza kutoa msahafu. Mji wenye wasomi watupu hautoi kitabu.

Na karatasi? Ililetwa na majahazi. Viwanda vya Italia vilitengeneza karatasi maalumu kwa wanunuzi wa nchi za Kiislamu, zenye alama ya maji ya miezi miandamo mitatu, unaiona ukiinua karatasi kwenye mwanga. Karatasi za Italia ndizo zilizoandikiwa misahafu ya pwani yetu. Ufundi uliotoka kwetu Waislamu ukaenda Ulaya, ukarudi kwetu kwa njia ya bahari, tukauandikia maneno ya Allah. Nahodha na mabaharia nao watie katika orodha.

Hata lugha yetu inatukumbusha. Kiswahili cha zamani "chuo" ni kitabu. Ndiyo maana tukaenda chuoni, ndiyo maana msomi akaitwa mwanachuoni. Mimi nilikwenda mpaka chuo kikuu, nikamsahau mtu wa kukishona chuo.

Chapa nayo

Mtu atasema, haya yote yaliisha ilipokuja mitambo. Hayakuisha. Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, alipochapa kitabu miaka ya 1450, alichanganya kazi za wenzake: shinikizo la kukamulia zabibu, ustadi wa masonara wa kuyeyusha na kumimina madini, na wino wa mafuta kama wa wachora picha. Hakuna hata kimoja kilichoshuka kutoka mbinguni.

Lakini chapa bila wajuzi ni hatari. Mwaka 1537 na 1538 watu wa Venice walichapa Qur'ani kwa herufi za madini ili waiuze kwa Waislamu. Ilijaa makosa, biashara ikafa. Nakala moja tu ndiyo iliyopatikana, mwaka 1987, katika nyumba ya watawa mjini humo. Walikuwa na mashine, hawakuwa na hafidhi. Fundi bila mwanachuoni hawezi, na mwanachuoni bila fundi hawezi.

Waislamu walipokuja kuipenda chapa, wengi waliipenda ile ya jiwe, iliyovumbuliwa na Mjerumani Senefelder mwaka 1796, kwa sababu inachukua mwandiko wa mkono kama ulivyo. Vitabu vya Bombay vilivyochapwa hivyo vilijaa makabati ya wazee wetu wa pwani. Unguja, Sultan Barghash aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888 alianzisha mtambo wa chapa wa Kiarabu. Mwaka 1924 ukatoka msahafu wa Cairo, na mwaka 1984 kikafunguliwa kile kiwanda cha misahafu cha Madina. Msahafu wa Madina ulioshika mkononi sasa, khati yake iliandikwa kwa mkono na Uthman Taha, mtu wa Syria. Hata leo, nyuma ya mashine kuna mtu na kalamu.

Nilipompelekea

Basi turudi kwenye kile kibanda. Nilimkuta mtoto wa ammi yangu anapiga soli. Nikafungua kitambaa. Alipoona ni msahafu alirudisha mikono nyuma, akasema, "Subiri, usiuweke hapa." Akafunga sanduku lake, akaenda msikitini, akanawa kwa sabuni, akatia udhu. Tukahamia kwenye baraza ya jirani, akatandika mkeka safi. Akatoa sindano mpya iliyokuwa bado kwenye karatasi yake. Akaniambia, "Kushona ni kule kule. Adabu ndiyo si ile ile."

Akanionyesha kwamba msahafu si rundo la kurasa. Ni vijitabu vidogo vidogo vilivyokunjwa, vikashikanishwa kwa uzi mmoja. Akapaka uzi nta. Akapita katika matundu yale yale ya zamani, hakutoboa tundu jipya hata moja. Nikamuuliza, "Nani alikufundisha kujalidi?" Akasema, "Hakuna. Ngozi ni ngozi, uzi ni uzi."

Alipomaliza, akavika mgongo kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, akataja bei. Hakusema ni bure, na maalim alikuwa amenipa pesa tayari, hakutaka afanyiwe bure. Nikamlipa pale pale. Kisha nikasema, "Nisamehe kwa siku ile."

Akauliza, "Siku gani?" Akaendelea kukusanya nyuzi zake.

Najua anaikumbuka.

Tufanye nini?

Ndugu zangu, nina mambo matatu tu, kisha niwaachie mkajitayarishe na futari.

La kwanza, tusidharau kazi ya mkono. Nabii Daud (A.S.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko hicho. Ukiwa na cheti chako, alhamdulillah, lakini usiweke simu sikioni unapopita kwa jamaa yako. Funga ya mtu inayomzuia chakula ikamwacha na kibri, amebakiwa na nini? Na ukimpa fundi kazi, mlipe ujira wake kabla jasho halijakauka. Hizi nguo za Idi tunazowaharakisha mafundi cherehani usiku wa ishirini na saba, tuwalipe kabla ya mwezi kuandama, si baada.

La pili, wewe unayefanya kazi ya mkono, usijione mdogo. Usiache kusoma, lakini pia usidhani wewe uko nje ya elimu. Wewe ndiye mgongo wa kitabu. Ukikatika wewe, kurasa zote zinamwagika.

La tatu, tazama nyumbani kwenu. Kuna nyumba nyingi za pwani zenye kasha la babu lililojaa makaratasi ya Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wengine huyachoma au kuyazika kwa nia njema, wakiogopa majina ya Allah yasikanyagwe. Kabla ya kufanya hivyo, muonyeshe mtu mwenye elimu. Huenda ni msahafu wa mkono wa babu yako, au kitabu ambacho nakala yake haiko pengine. Usibandike selotepu, kwani gundi yake inaharibu karatasi. Usiyatie plastiki ya moto. Yafunge kwa kitambaa safi cha pamba, yaweke mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu na mchwa. Wenzetu wa Msikiti wa Riyadha, Lamu, vitabu vyao vya mkono vimepigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na vyenyewe havikuondoka kwao. Jambo hilo linawezekana. Na ile misahafu ya madrasa iliyochanika tunayoirundika juu ya kabati tukisubiri mfadhili alete mipya, tutafute sindano, uzi na nta. Vijana kumi, Jumamosi moja, mkeka mmoja. Fundi wa kutufundisha ninamjua.

Leo ukifungua msahafu wako baada ya Maghribi, kabla ya kusema Audhubillahi, uguse ule mgongo. Kisha mwombee aliyeushona, hata kama hukumjua jina.

Ya Allah, ifanye Qur'ani iwe nuru ya nyoyo zetu, utakabalie funga zetu, uwarehemu walioandika, waliojalidi, waliobeba na waliofundisha, na utuondolee kibri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.